Waliosema kaka karogwa, someni hapa

Kaka yangu anauza viazi Uyole. Hesabu za magunia anazipiga kichwani kabla hujatoa simu. Homa ilipomshika akaanza kuniita jina la marehemu mama, na kila saa anauliza nani anaunguza maharage, wakati jikoni hakuna hata moto. Shangazi akasema malaria imepanda kichwani. Zahanati moja ikapima, malaria hakuna, bado wakamtundikia dripu ya malaria! Baba mdogo akaleta habari za mganga Kyela, na nauli ikachangwa fasta. Ya hospitali haikuchangwa.

Usiku mkono ukakakamaa, mdomo ukavutwa upande. Wenzangu walimkimbilia, mimi nikarekodi. Nilitukanwa! Ila hospitali ya rufaa dokta alipouliza, "Siku zote yuko hivi?" nikamwekea hiyo video, kisha nyingine ya sokoni, kaka huyo huyo akibishana bei na dereva wa Fuso. Dokta hakuimaliza. Akasema huenda virusi vimeshambulia ubongo, dawa inaanza sasa hivi, vipimo vitaikuta njiani.

Siti skani, picha ya ubongo, ikapita salama. Kwenye kutoa maji ya mgongo, shangazi akakaa mlangoni: "Mtampoozesha mtoto wa watu." Nikamwomba dokta amwonyeshe kwa mgongo wangu. Nikapandisha blauzi, wodi nzima inatazama, dokta anaeleza kwamba sindano inaingia chini kiunoni, uti wenyewe umeshaishia juu yake. Shangazi akapapasa pingili zangu moja moja kama anachagua parachichi, akasema, "Haya, mchomeni."

Ikawa hapesi simpleksi, kirusi kile kile cha vidonda vya midomo. Dawa yake ni asaiklovia ya mshipani, miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa mtu mzima, kila baada ya saa 8, siku 14 hadi 21. Vichupa vikiisha hospitalini unanunua nje, na hapo viazi vingi viliondoka. Jirani akashauri vidonge, ni bei rahisi. Vidonge haviufikii ubongo kwa kiasi kinachotakiwa, msidanganywe. Dripu za maji nazo msizinung'unikie, dawa hii inaweza kuumiza figo, maji ndiyo yanazilinda.

Kaka karudi sokoni. Ya zamani anayakumbuka yote, ya jana yanamponyoka, kwa hiyo anaandika kila kitu kwenye daftari. Nimelipekua: deni langu la dawa halimo.