Kutoka St Katharine hadi Limehouse: matembezi kando ya maji yaliyofungiwa

Nilianza matembezi yangu St Katharine Docks, jirani na Tower Bridge, maji yakiwa yamekupwa na matope ya mto Thames yakionekana chini ya kuta. Ukifika saa hiyo huhitaji kuelezwa kwa nini London ilichimba mabwawa ya meli: hapa maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 7 wakati wa bamvua, na chombo kilichosheheni kikiachwa ukingoni hukalia tope. Ndani ya bwawa lenye malango, meli ilielea kwa kimo kilekile huku makuli wakipakua.

Bwawa la St Katharine, lililosanifiwa na Thomas Telford, lilifunguliwa mwaka 1828, na injini za mvuke zilivuta maji ya mto ili kimo chake kisishuke. Kulipatia nafasi, nyumba zipatazo 1,250 zilibomolewa na watu zaidi ya 11,000 wakaondolewa; idadi hiyo hunijia kila ninapopita kwenye mikahawa iliyopo leo.

Katika mtaa wa Wapping, bwawa kubwa la mwaka 1805 limefukiwa na kujengwa nyumba, ila umebaki mfereji mwembamba unaofuata ukuta wa gati la zamani. Niliufuata polepole hadi karibu na Shadwell Basin, mahali penye jengo ambalo, kwa maoni yangu, linashinda maghala yote yanayosifiwa: kituo cha nguvu za maji cha mwaka 1890. Pampu zake zilisukuma maji kwa shinikizo kubwa ndani ya mabomba ya chuma yaliyopita chini ya barabara, na maji hayohayo yakaendesha kreni za bandarini, lifti za majengo, hata majukwaa ya kumbi za maonyesho. Mnarani palikuwa na uzito mkubwa ulioinuliwa na maji. Watumiaji wengi walipofungua valvu kwa pamoja, uzito ulishuka na kulinda shinikizo lisianguke. Umeme ulipoenea wateja walipungua, lakini mtambo uliendelea hadi mwaka 1977, miaka kadhaa baada ya mabwawa ya jirani kufungwa.

Nilimalizia Limehouse Basin, bwawa la mwaka 1820 linalopokea mfereji wa Regent's Canal, ambako mnara wa matofali wenye pembe nane, wa mwaka 1869, ulifanya kazi kama ile ya Wapping. Maji ya mto yalikuwa yameanza kujaa, na mashua mbili za starehe zilikuwa zikisubiri lango lifunguliwe.