Elton wa Kitulo: askari, shajara yake, na mhariri aliyeimalizia

Chukua ramani ya Nyanda za Juu Kusini iliyochorwa enzi za Waingereza, utafute pale ambapo leo tunaandika Kitulo. Utakuta Elton Plateau. Jina hilo limefutika midomoni, na ni sawa, kwa sababu Kitulo ilikuwa na wenyewe kabla ya mgeni yeyote kupita. Lakini wanaopanda kona 57 kutoka Chimala kwenda Matamba, au wanaopita Isyonje wakielekea Makete, wanapita juu ya nchi ambayo Elton, askari wa zamani wa Uingereza, aliiandika mwaka 1877, na maandishi yake ni miongoni mwa ya kwanza kabisa ya shahidi wa macho kuhusu Unyakyusa, Usafwa na Usangu. Yananukuliwa kwenye tasnifu za vyuo na kwenye mabishano ya ukoo wa Merere, watawala wa Wasangu, na karibu kila mara yananukuliwa vibaya: "Elton anasema." Kitabu kilichotoka kwenye shajara zake kina mikono miwili. Wa kwanza ni wa askari, wa pili ni wa mhariri, na aliyeandika mwisho hakuwa Elton, kwa kuwa Elton alishakufa.

James Frederic Elton alizaliwa tarehe 3 Agosti 1840. Baba yake alikuwa luteni kanali katika jeshi la Bengal, na uasi wa India ulipolipuka mwaka 1857 kijana naye akaingia jeshi hilohilo. Alikuwamo katika majeshi yaliyokwenda Delhi na Lucknow, kisha akawa mpambe wa Sir Hugh Rose, mkuu wa majeshi. Mwaka 1860 alijitolea kwenda China na alikuwepo Peking ilipotekwa. Alipopata ukapteni aliacha jeshi la Uingereza, na mwaka 1866 akajiunga na jeshi la Ufaransa lililokuwa Mexico kumlinda Mfalme Maximilian. Vita vilipokwisha akarudi Uingereza na mwaka 1867 akatoa kitabu, With the French in Mexico. Hapo ndipo askari anaanza kuwa mwandishi.

Naona jeshi ndilo lililomfundisha kuandika. Mpambe kazi yake ni kupeleka amri na kurudi na taarifa: nani yuko wapi, wangapi, njia ipitike au isipitike, chakula kipo au hakipo. Mtu aliyezoea hivyo huandika kila jioni, hata akiwa mgonjwa, na huhesabu. Alipofika Natal mwaka 1868 aliendelea na desturi hiyo. Mwaka 1870 alisafiri kutoka machimbo ya dhahabu ya Tati hadi mdomo wa mto Limpopo, na taarifa yake ikachapishwa pamoja na ramani katika jarida la Royal Geographical Society.

Mwaka 1873 alifika Unguja, wakati Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, yuko kwenye shughuli ya kukomesha biashara ya watumwa, akapewa kazi ya kumsaidia Dk. John Kirk, konseli wa Uingereza Unguja. Tarehe 5 Juni mwaka huo Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara hiyo baharini. Wafanyabiashara hawakuacha, walihamia nchi kavu. Misafara ya kutoka Kilwa ikawa inapandisha kaskazini kwa miguu ikifuata pwani, nyuma ya macho ya manowari. Elton alitembea nchi ile kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akakaa njiani na kuhesabu. Katika mwezi mmoja, kuanzia mwishoni mwa Desemba 1873, hesabu yake ilizidi watumwa 4,000. Hesabu ya namna hiyo haiandikwi na mtu aliyeketi Shangani akipokea uvumi. Kama unataka kujua kwa nini shajara zake ziaminiwe kwenye mambo ya idadi, anza na safari hiyo.

Machi 1875 akawa konseli wa Uingereza katika eneo la Wareno, makao yake kisiwani Msumbiji. Julai 1877 akaanza safari iliyomleta kwetu. Alipanda Zambezi na Shire hadi Ziwa Nyasa, ambako meli ndogo ya mvuke, Ilala, ilikuwa imefikishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Livingstonia wa Cape Maclear. Kusudi lake lilikuwa kuzunguka ziwa, kuonana na watawala waliohusika na biashara ya watumwa, kisha kutafuta njia ya nchi kavu kutoka ncha ya kaskazini ya ziwa hadi Kilwa, apande meli na kufika Unguja Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Alikuwa na Wazungu wanne: H. B. Cotterill, Herbert Rhodes (kaka mkubwa wa Cecil Rhodes), Hoste na Downie.

Ziwa halikuwa tatizo. Mambo yaliharibika waliposhuka chomboni. Nchi ilikuwa vitani, wapagazi hawapatikani, chakula hakiuzwi, na badala ya kukata mashariki kuelekea Kilwa walilazimika kuzunguka kaskazini, kupanda milima na kutokea upande wa pili, kwa Merere. Mtawala wa Wasangu walimkuta Usafwa amezingirwa na Wahehe. Maelezo ya mzingiro ule ndiyo kiini cha kitabu kwa msomaji wa Mbeya na Iringa, na ndiyo yanayopotoshwa zaidi.

Kwanza, Merere ni jina la utawala. Merere wa 1877 ni Tovelamahamba, aliyekuwa amesukumwa nje ya nchi yake. Pili, kuna Utengule mbili. Moja iko Usafwa, karibu na Mbalizi ya leo. Nyingine iko Usangu, wilayani Mbarali. Wasangu walirudi Usangu miaka ya 1890 tu, Wajerumani walipokwisha kuingia. Kwa hiyo ukisoma habari za mji wa Merere za mwaka 1877 ukazipeleka Mbarali, umeukosa kwa makumi ya kilometa, na hesabu zote za siku za mwendo zitakataa kulingana. Tatu, waliokuwa wanamzingira si "jeshi la Mkwawa". Mtawala wa Wahehe wakati ule alikuwa Munyigumba, baba yake Mkwawa. Kosa hili limezoeleka kwa sababu jina la mtoto limemeza la baba, lakini linaondoa mezani kazi yote ya Munyigumba ya kuijenga Uhehe, nalo si jambo dogo kwa watu wa Iringa.

Kutoka kwa Merere msafara ulikwenda kaskazini hadi Ugogo, ili kuipata njia kuu ya misafara kati ya pwani na Unyanyembe (Tabora). Elton hakuifikia. Alikufa kwa homa tarehe 19 Desemba 1877, maili chache tu kabla ya Usekhe, mji wa Ugogo, akiwa na umri wa miaka 37. Wenzake walimzika chini ya mbuyu mkubwa, wakasimamisha msalaba wa mbao na kuchonga herufi za jina lake kwenye shina. Maandiko ya wakati huo yanasema homa ilitokana na kuchoka, njaa na kunyeshewa. Usilinukuu hilo kama sababu ya kifo. Uhusiano wa mbu na malaria ulithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897, miaka ishirini baadaye. Kabla ya hapo waandishi wengi walilaumu hewa, umande au uchovu.

Sasa Cotterill. Huyu hakuwa askari. Alikuwa mwalimu wa shule ya Harrow, mtoto wa askofu, na alikuja Nyasa kujaribu biashara halali ya kushindana na ile ya watumwa. Baada ya kumzika mwenzake aliongoza msafara hadi pwani, akiwa na daftari za marehemu. Mwaka 1878 alitoa taarifa ya safari mbele ya Royal Geographical Society, na mwaka 1879 nyumba ya John Murray ya London ikachapisha Travels and Researches among the Lakes and Mountains of Eastern and Central Africa. Ukurasa wa jina unakiri wazi kwamba kitabu kimetoka kwenye shajara za marehemu, na kwamba Cotterill amekihariri na kukikamilisha. Neno la kushika ni hilo la pili. Horace Waller, aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone miaka mitano kabla, hakuwemo katika safari hizo za Livingstone. Cotterill aliyaona mengi ya yale aliyoyahariri. Hiyo ni nguvu na ni hatari. Anaweza kusahihisha jina la mto kwa sababu aliuvuka, na anaweza pia kuziba pengo la daftari kwa kumbukumbu yake bila msomaji kuuona mshono.

Kwa hiyo, kabla ya kunukuu kifungu chochote, fanya kwanza kazi ya tarehe. Tengeneza jedwali la safu nne: tarehe, mahali kama palivyoandikwa, mahali pa leo, na nani anasema. Kila kilicho baada ya 19 Desemba ni cha Cotterill bila ubishi. Majuma ya mwisho ya uhai wa Elton yatie alama ya kuuliza, maana mgonjwa wa homa huandika kidogo au haandiki, na aliyekamilisha lazima awe ameongeza mahali fulani. Tazama pia nafsi: anayesimulia akimtaja Elton kwa jina si Elton. Kifungu kirefu kinachosimulia siku nyingi kwa mkupuo, bila tarehe katikati, kina uwezekano mkubwa wa kuwa kimeunganishwa mezani, kwa sababu shajara ya njiani hukatika kila jioni.

Majina yasome kwa sauti kabla ya kuyatafuta kwenye ramani. Mwandishi aliyasikia kwa wapagazi na wakalimani, wengi wao wakiwa wageni wa nchi hizi, akayaandika kwa tahajia ya Kiingereza. Kwa hiyo r na l zitabadilishana, irabu ya mwisho itaanguka, na jina la mtawala litageuka kuwa la kijiji. Mara nyingi mpagazi aliulizwa "hapa wapi?" akataja mwenye mji. Wazee wa Matamba, Tukuyu au Rujewa wanaweza kulitambua jina kama hilo kwa dakika moja, pale ambapo ramani itakupotezea wiki. Waulize majina ya watawala na ya vijito, usiwaulize majina ya vijiji, kwa kuwa vijiji vingi vilihamishwa wakati wa vita na tena wakati wa Vijiji vya Ujamaa.

Namba nazo zina tabia zake. Wasafiri wa wakati ule walipima kimo kwa kuchemsha maji. Usawa wa bahari maji huchemka nyuzi 100. Kila ukipanda mita 300 hivi hupungua nyuzi moja. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, yatachemka karibu nyuzi 94. Kitulo, kwenye mita 2,600, karibu 91. Ukikosea theluthi moja tu ya nyuzi katika kusoma kipimajoto, umeongeza au kupunguza mita 100. Kipimajoto kilitakiwa kukaa kwenye mvuke. Kikitumbukizwa majini, uchafu na chumvi hupandisha joto na kimo kinaonekana kifupi kuliko kilivyo. Mgandamizo wa hewa wenyewe hubadilika kutwa. Kwa hiyo tofauti ya mita 100 na ramani ya leo haithibitishi kwamba walipita bonde jingine.

Upande wa mahali, latitudo iamini kuliko longitudo. Latitudo hupatikana kwa kupima urefu wa jua au nyota angani, na dakika moja ya pembe ikikosewa ni kilometa 1.85 tu. Bara hakuna upeo wa bahari, hivyo hutumiwa zebaki kwenye chano kama kioo, na pembe inayopimwa, kutoka nyota hadi taswira yake kwenye zebaki, huwa maradufu. Hapa kwetu, nyuzi 9 hivi kusini, jua la adhuhuri la Septemba hadi Machi liko karibu na utosi. Pembe maradufu inapita uwezo wa sekstanti, chombo cha kupimia pembe, ambayo kwa kawaida hufika nyuzi 120 na kidogo. Msafiri analazimika kungoja nyota, na mvua za Novemba huleta mawingu. Ukiona siku nyingi bila kipimo, sababu inaweza kuwa hiyo tu.

Longitudo hutegemea saa. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne, na huku kwetu digrii moja ni kama kilometa 110. Saa iliyoanguka mtoni au kuchelewa dakika moja tangu Msumbiji huuhamisha msafara mzima kilometa 27 mashariki au magharibi. Kosa la aina hii halirukiruki. Vituo vyote vya safari husogea upande mmoja. Pima tofauti kwenye mahali usipopatilia shaka, kama mdomo wa mto unaojulikana kwenye ziwa, kisha sogeza vingine kwa kiasi hicho hicho.

Wapagazi katika kurasa hizi ni wengi, na wanaotajwa kwa jina ni wachache. Waandike wote unaowakuta kwenye jedwali lako, kila mmoja na tarehe yake, hata akitajwa kwa kutoroka au kwa kuiba nguo. Njia kutoka Nyasa hadi Ugogo ilishajulikana na watu wa biashara na wa vita kabla Elton hajaipita, na kila jina la mkalimani au kiongozi wa njia ni uzi wa kuwafikia hao. Njia hiyohiyo ya jedwali inafaa kwa kitabu cha Ernst Nigmann kuhusu Wahehe cha mwaka 1908, maana naye alikuwa afisa wa jeshi Iringa. Yeye alikuwa hai kukihariri mwenyewe, kwa hiyo safu ya nne ya jedwali utaijaza kwa swali jingine: nani alimwambia.