Siku ya Kumsindikiza Mjomba

Mjomba alipofariki niliendesha gari la pili katika msafara, nyuma tu ya gari la maiti. Mama alikaa mbele pamoja nami, mama mdogo na binti zake wakakaa nyuma. Dereva wa gari la maiti alikuwa mzee wa maneno machache, lakini kabla hatujatoka hospitali alituita madereva wote kando.

"Washeni taa za mbele mpaka tufike, zile za chini. Hazadi, zile indiketa zote zinazomulika pamoja, acheni. Ukiwasha hazadi indiketa haionekani, na aliye nyuma yako hajui unakata wapi." Gari la mwisho alitaka liendeshwe na mtu anayeijua njia. Yeye mwenyewe angekwenda polepole, alisema, kwa sababu wa mbele akikanyaga mafuta kidogo tu, wa mwisho hulazimika kukimbia sana ili asiachwe. "Na taa nyekundu ni nyekundu. Simama, nitakungoja mbele."

Katika majimbo mengi ya Marekani, gari linaloongoza mazishi likipita kihalali kwenye taa, yanayofuata yanaweza kuendelea kwa uangalifu hata ikigeuka nyekundu. Sisi hatukuwa na ruhusa hiyo, wala askari wa kutufungulia njia. Tulitegemea uungwana wa watu tusiowajua.

Kwenye mzunguko wa kwanza gari dogo lilichomekea kati yangu na kaka, honi juu. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unakataza kukatiza misafara: wanajeshi, watoto wa shule wanaoongozwa, na mingineyo. Wengi hudhani ni suala la heshima tu. Siku ile niliona sababu nyingine kwenye kioo changu. Kaka hakuwa mwenyeji wa njia ile. Machoni mwake gari lililo mbele ndilo la kufuata, na lile gari dogo lilipokata kushoto, naye akakata kushoto. Waliokuwa nyuma yake wote wakamfuata yeye. Nikabaki na gari la maiti peke yake mbele yangu, na nyuma yangu hakuna hata mmoja wetu.

Nilimwashia mzee taa. Akaegesha pembeni, mahali papana, mbali na kona. Mama alikuwa anapiga simu huku mikono inamtetemeka, na mama mdogo akirudia, "Watatupoteza, jamani, watatupoteza."

Waliturudia kupitia kibarabara cha pembeni, lakini kuingia barabara kuu ikawa shida. Magari yalipita mfululizo, hakuna aliyepunguza mwendo. Ndipo likaja lori la mchanga. Dereva wake aliona taa zimewaka mchana kwenye magari yote yale, akaelewa. Alipunguza taratibu, akasimama kabla ya makutano, akatoa mkono dirishani na kiganja wazi kuwazuia wa nyuma yake. Wakaingia mmoja baada ya mwingine mpaka wa mwisho. Waliokuwa nyuma ya lori walipiga honi, yeye mkono haukushuka. Sijawahi kumwona tena dereva yule, na namwombea kheri hadi leo.

Tulikuwa tumeshajipanga upya ndipo tukasikia king'ora. Ambulensi ilikuwa inatoka nyuma yetu. Mzee hakusita: indiketa, pembeni, akasimama, na jeneza la mjomba ndani. Sisi sote tukamfuata pembeni. Mama ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote ya kufika, lakini ndiye aliyesema, "Mpisheni, mpisheni, huyo bado anapumua." Ikapita. Mzee alitazama vioo vyake hadi wa mwisho alipokuwa tayari, ndipo akaingia barabarani.

Makaburini tulifika tumechelewa, waliotangulia wamesimama juani, na hakuna aliyelalamika.

Baada ya kuzika, mzee alipita gari kwa gari akiinama dirishani. "Zimeni taa sasa, kama mchana upo. Na msirudi kwa mkumbo, tawanyikeni. Mkifuatana tena watu watawapisha bure." Kaka akapitia njia ya mtoni, mimi nikarudi na barabara kuu.