Usimtazame Mbwa Mkia Peke Yake

Ndugu zangu mnaohamia Ujerumani, mbwa hamtawakwepa. Hapa Berlin wanapanda treni za chini ya ardhi na kulala chini ya meza mikahawani. Sisi tuliokulia Tanga tumezoea mbwa wa kulinda nyumba, na kwa wengi wetu mate yake ni najisi, basi akitokea tunawaambia watoto wakimbie. Hilo tuliache. Kinachokimbia humtia mbwa hamu ya kukifukuza. Mtoto asimame, mikono chini, asimkodolee macho.

Jumapili nikipata nafasi huenda msitu wa Grunewald, kwenye eneo ambako mbwa wanaruhusiwa kufunguliwa kamba. Juzi dume moja kubwa jeusi lilikisogelea kijibwa cha watu, likalaza viwiko chini, makalio juu, mkia unapepea. Hapo linaomba mchezo. Marc Bekoff wa Chuo Kikuu cha Colorado aliwachunguza watoto wa mbwa, wa mbwa mwitu na wa koyote (mnyama wa porini wa Amerika wa jamii ya mbwa), akaona ishara hii huja hasa kabla au baada ya kung'ata kwa nguvu, kama vile anasema: usinielewe vibaya, tunacheza. Kisha lile dume likajilaza chali, likakiachia kijibwa kilitafune masikio. Mwenye nguvu akijilegeza hivyo, wakapokezana kukimbizana, ni mchezo, hata kama wananguruma na meno yako nje.

Sasa mkia. Wengi tunaamini mbwa akiutikisa amefurahi. Si lazima. Mkia uliosimama wima ukitetemeka harakaharaka, mwili umekakamaa, mdomo umefumbwa, huyo msimsogelee. Na anayegeuza uso, anayejilamba midomo pasipo chakula, anayepiga miayo bila usingizi, weupe wa macho ukimtoka pembeni, huyo anaomba aachwe. Tafadhali mtoto asimkumbatie.

Kwa kucheza ndiyo watoto wa mbwa hujifunza kupima meno yao: aking'ata mno, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Kanuni za Ujerumani zinataka mbwa apewe nafasi ya kutosha ya kutembea na kukimbia nje ya banda. Naziunga mkono kwa moyo wote. Mbwa anayeshinda bandani, kama wengi kule kwetu, adabu hiyo ataipatia wapi?

Na kama una udhu na hutaki akuguse, mwambie mwenyewe waziwazi amvute. Mimi huwaambia, na sijaona aliyechukia.