Nimepoteza usiku mzima kwa kinyesi cha mraba

Jana nilikuwa nakwenda zangu kulala, simu ikalia. Ujumbe kwenye kundi la familia, ule wa "umesambazwa mara nyingi": Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini. Nikasema huu leo siuachi.

Mwezi uko kilomita 384,000 hivi kutoka hapa. Ukuta wenyewe, upana wake ni mita chache tu! Mwaka 2003 Yang Liwei, Mchina wa kwanza kurushwa na nchi yake angani, alirudi akasema hakuuona. Na yeye alikuwa karibu tu, hata mwezini hakufika.

Ningelala hapo, lakini wapi. Nikamgeukia Napoleon, yule mfalme wa Ufaransa wa zamani anayesemwa alikuwa "mfupi". Kumbe alipimwa futi 5 na inchi 2 za Kifaransa, na inchi ya Kifaransa ya zamani ilikuwa ndefu kuliko ya Kiingereza. Hiyo ni kama sentimita 168. Mtu wa kawaida kabisa kwa zama zake.

Sasa kilichoniangusha: eti kuna mnyama Australia, wombat, anayekunya vipande vya mraba kama dadu. Nikacheka, nikaandika "UONGO" kwenye kundi kwa herufi kubwa, ndipo nikaenda kuhakikisha.

Ni kweli. Kuta za utumbo wake zimekaza sehemu fulani na kulegea sehemu nyingine, ndiyo maana vinatoka na kona. Wanasayansi waliochunguza jambo hilo wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikakufikirisha, mwaka 2019.

Shangazi ameshapiga picha ule ujumbe wangu. Hakubali niufute.