Ala iliyolegea

Jana mazoezini hapa Osaka niliinama kusalimia, upanga ukachomoka wenyewe kutoka alani karibu shubiri nzima. Roho iliniruka! Katana, yaani upanga wa Kijapani, hubanwa mdomoni mwa ala tu, pale habaki, kile kikola cha shaba kwenye shina la upanga, inapokaza mbao. Mbao ikilika, umekwisha.

Leo nimechonga kibanzi cha mbao ya honoki, chembamba kama karatasi, nikakibandika ndani ya mdomo kwa wali niliouponda ukawa gundi. Ndiyo, wali! Mafundi wa huku huipenda gundi hiyo kwa sababu ala inaweza kupasuliwa tena ikitaka kusafishwa. Nimepiga msasa mara nne, maana mwanzoni ilibana hadi nikatoka jasho. Sasa nainamisha ala, upanga umetulia tuli. Nausukuma kwa kidole gumba, tk, unaachia.