Hesabu Mbele ya Kamera: Siku Mbili Chicago

Basi liliondoka Indianapolis saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi ya katikati ya Oktoba, giza likiwa bado halijaachia. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, nikaweka begi, na juu ya begi daftari la hesabu. Daftari lile nililibeba makusudi. Mimi ni mweka hazina wa kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Indiana, kundi lililoanza kwa kutakiana heri za Krismasi na Idi, na sasa kazi yake kubwa ni misiba.

Mwaka jana tulimpoteza kijana wa Rombo. Uchagani mtu hazikwi ugenini wakati kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake kipo, kwa hiyo tukachangishana ili mwili urudi. Fedha zilipatikana, mwili ukafika, mama yake akamzika. Lakini kati ya kuchanga na kuzika, kundi lilipasuka. Mtu mmoja aliulizia hesabu usiku wa manane, mwingine akamjibu vibaya, na kufikia jioni ya siku ya pili watu kumi na wanne walikuwa wamejitoa. Sijawahi kugusa senti ya msiba. Hata hivyo wapo wasionisalimia mpaka leo, na jambo hilo linaniuma.

Ghalani ninakofanya kazi nilikuwa na mwenzangu wa zamu, mtu wa Michoacán, magharibi mwa Mexico, ambaye sasa yuko Chicago. Nilipomsimulia hakunipa ushauri. Alisema tu kwamba wao pia wana msiba Chicago, kijana wa kijiji chao, na Jumapili kutakuwa na kermés, sherehe ya kuuza chakula, ya kumchangia arudishwe kwao. "Njoo ukae nasi," akaniambia. "Uone mwenyewe tunavyofanya."

Barabara ya kwenda Chicago imenyooka, na kwa saa nzima hakuna cha kutazama ila mahindi makavu yanayosubiri mashine. Kabla hakujapambazuka vizuri tukaingia kwenye mashamba ya mitambo ya upepo. Mamia ya taa nyekundu huwaka na kuzima kwa pamoja, upeo mzima wa macho, kama vile kuna mtu mmoja anayebonyeza swichi. Nilifika saa tatu asubuhi kwa saa za Chicago, ambako mishale iko nyuma yetu kwa saa moja.

Mwenzangu angetoka kazini jioni, hivyo siku ile nilikuwa peke yangu. Nilipanda basi namba 70 linalofuata barabara ya Division mpaka Humboldt Park, mtaa wa watu wa Puerto Rico. Mtaa unajitangaza wenyewe: bendera mbili za chuma, kila moja na urefu wa mita kumi na nane hivi, zimevuka juu ya barabara zikiwa zimekunjamana kama zinapigwa na upepo. Ziliwekwa mwaka 1995, na sehemu iliyo katikati yake huitwa Paseo Boricua. Niliagiza jibarito, sandwichi iliyozaliwa hapa hapa Chicago miaka ya 1990, ambayo badala ya mkate ina ndizi mbichi zilizopondwa na kukaangwa. Mchagga akipewa ndizi ugenini hula kwanza, maswali baadaye.

Mama aliyenihudumia alikuwa na umri wa mama yangu mdogo. Nilipomweleza shida iliyonileta akavuta kiti. Akanisimulia Septemba 20, 2017, siku kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico. Kisiwa kizima kilikosa umeme, na minara ya simu 95 katika kila 100 ilinyamaza. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, lakini siku zile, alisema, wao wa Chicago walijiona kama yatima. Alipiga simu kwa dada yake siku baada ya siku. Kilichomwokoa ni Facebook. Watu walifungua makundi, wakawa wanaulizana mji kwa mji, na kisiwa kina miji 78 yenye serikali zake: nani ametoka mlimani, nani amepita barabara fulani, nani ameona nyumba yenye geti la bluu karibu na kanisa. Aliyepata mtandao kwa dakika tano juu ya daraja alituma majina ya majirani zake wote. Kwa njia hiyo alijua dada yake yu hai, kwa maandishi ya kijana ambaye hajawahi kumwona.

Katika makundi yale yale ndipo misaada ilipoanza. Kwanza habari za watu, kisha orodha ya vitu: betri, dawa za kisukari, maziwa ya watoto, vichujio vya maji. Makadirio ya vifo, yaliyofanywa na Chuo Kikuu cha George Washington na kukubaliwa na serikali mwaka 2018, ni watu 2,975.

"Na vyote vilifika?" nikamuuliza.

Alinyamaza kidogo. Halafu akatoa simu akanionyesha habari ya Januari 2020. Mwanzoni mwa mwezi ule tetemeko la ardhi lilipiga kusini mwa kisiwa, watu wakalala nje kwa hofu. Siku chache baadaye mtu mmoja akarusha video mubashara kutoka mji wa Ponce: ghala limejaa maji, magodoro, chakula na nepi, baadhi vikiwa vimekaa tangu kimbunga, havijagawiwa. Wananchi wakavunja mlango na kuanza kugawana. Mkuu wa idara ya maafa akafukuzwa kazi siku ile ile. "Simu iliyokusanya," mama yule akasema, "ndiyo iliyofungua mlango." Alisema kwa sauti ya chini, na macho yake hayakutoka kwenye ile picha ya magodoro.

Nililala kwa mwenzangu, sebuleni. Kabla ya kulala aliniuliza kama Waafrika nao wanatumia sana WhatsApp. Nilicheka nikamwonyesha makundi yangu thelathini na mawili, naye akanionyesha ya kwake. Sikushangaa. Nilishawahi kusoma uchunguzi wa kituo cha utafiti cha Pew wa mwaka 2021, uliokuta kwamba kati ya watu wazima 100 wa Marekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 46 wanatumia WhatsApp, na kati ya Wazungu ni 16 tu. Mwenye ndugu ng'ambo hahitaji kuelezwa sababu.

Jumapili asubuhi alinipeleka Pilsen. Mtaa una jina la mji wa Wacheki, kwa kuwa wao ndio walioujenga, lakini leo kuta zake ni michoro ya Kimeksiko, kuanzia kituo cha treni cha 18th Street chenyewe. Tuliingia kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Mexico, yaliyofunguliwa 1987, ambayo hayatozi kiingilio. Kila msimu kama huu huandaa maonyesho ya Siku ya Wafu: meza zimepambwa kwa maua ya rangi ya chungwa, mishumaa, mkate, picha za marehemu, na chakula alichokipenda kila mmoja. Kwenye meza moja palikuwa na glavu za kazi, zimechakaa viganjani. Mwenzangu akasimama pale muda mrefu. Nami nikamkumbuka kijana wetu wa Rombo, aliyekuwa akifanya kazi na glavu kama zile.

Katika barabara ya Blue Island akanionyesha Casa Michoacán, nyumba ya muungano wa vyama vya watu wa jimbo lake. Huko ndiko aliponieleza mambo ambayo sikuyajua kabisa. Zamani kabla ya simu za leo, Wameksiko wa Marekani walikuwa na vyama vya watu wa kijiji kimoja, wakifanya dansi na bahati nasibu ili kujenga barabara au kuvuta maji kwao. Jimbo la Zacatecas lilianza mpango wa kuwaunga mkono, na mwaka 2002 ukawa wa taifa zima, ukiitwa "tatu kwa moja": kila dola moja ya wahamiaji, serikali kuu iliongeza moja, jimbo moja na halmashauri moja. Katika bajeti ya 2020 mpango ule haukutengewa fedha, ukafa. Vyama havikufa. Mwaka 2023 Mexico ilipokea zaidi ya dola bilioni 63 kutoka kwa watu wake walio nje, na sehemu kubwa ni ya mama na watoto, ya karo na dawa. Lakini paa la shule na jeneza bado vinahitaji watu wengi kwa pamoja, na wengi hao sasa hukutana kwenye ukurasa wa Facebook wenye jina la kijiji.

Kutoka pale basi namba 60 lilitufikisha 26th Street, Little Village, wenyewe huita La Villita. Unapita chini ya tao lililoandikwa "Bienvenidos", na kuanzia hapo ni maduka ya magauni ya quinceañera (sherehe ya msichana kutimiza miaka kumi na mitano), mikate, na mikokoteni ya mahindi ya kuchemsha. Katika mtaa huu, Septemba 2016, mpita njia alimwona mzee mmoja akisukuma kwa taabu mkokoteni wa paleta, barafu za vijiti. Alimpiga picha, akaiweka mtandaoni, na kuomba dola 3,000 za kumpumzisha. Zikaja zaidi ya 380,000, kutoka nchi nyingi. Nilisimama kwenye kona moja nikiliwaza jambo lile. Ni jema, na mzee alistahili kupumzika. Lakini wageni wakitoa, hutoa kwa sababu ya picha moja, na picha ikipita wamepita nayo. Nilichokuwa natafuta mimi ni watu wanaotoa leo, mwezi ujao na miaka kumi ijayo, na bado wanasalimiana.

Nikawakuta kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Nje, katika maegesho, wanaume wawili walikuwa wakigeuza carnitas ndani ya sufuria kubwa ya shaba. Ni kitimoto kinachopikwa taratibu ndani ya mafuta yake mpaka kinaachana na mfupa. Ndani kuna meza za akina mama, tamales, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda, zikifuka mvuke, watoto wakikimbizana. Hulipi pesa mezani. Unanunua tiketi mlangoni, na tiketi ndizo unazobadilisha na chakula, ili fedha zikae mahali pamoja tu. Mama mmoja wa makamo, ambaye wote walimwita Doña kama sisi tunavyosema Bibi kwa heshima, alikuwa mtoaji wa tiketi. Yeye ametoka Oaxaca, jimbo la kusini mwa Mexico, ameolewa na mtu wa Michoacán. Alinifundisha maneno nikayaandika kwenye daftari. Cooperacha ni mchango. Tanda ni upatu, na mpokeaji hupangiwa zamu vile vile. Tequio, kwao Oaxaca, ni kazi ambayo kijiji kizima hujitokeza kuifanya bila malipo. Nikamwambia sisi tuna msaragambo, akalirudia mara tatu mpaka akalipata.

Saa kumi jioni muziki ukazimwa. Meza moja ikasogezwa katikati, na simu ikafungwa kwenye kijiti, ikarusha mubashara kwenye ukurasa wa kijiji. Watu watatu wakakaa: wa kuhesabu, wa kuandika, na wa kusoma. Kwa desturi yao hakuna kati yao anayetoka katika ukoo wa marehemu. Sanduku likamiminwa mezani. Noti zikapangwa kwa mafungu, na kila fungu likainuliwa mbele ya kamera. Waliotuma kwa simu wakasomwa jina na kiasi. Halafu msomaji akaendelea, na hapa ndipo nilipoacha kuandika nikasikiliza: fulani, tamales mia moja; fulani, gesi; fulani, ameosha vyombo tangu asubuhi; fulani, amempeleka mjane hospitali mara mbili. Majina yale yalisomwa kwa sauti ile ile ya waliotoa dola mia tano.

Kwenye maoni mtu akauliza, kutoka California, mbona gharama za kusafirisha mwili ni kubwa kiasi kile. Hakuna aliyekasirika. Mwandishi akachukua ankara ya shirika la mazishi, akaisogeza karibu na simu, akaisoma mstari kwa mstari. Aliyeuliza akaandika asante na kuongeza dola hamsini.

Zilipatikana zaidi ya dola elfu nne, pamoja na zilizotangulia zikatosha. Ukumbi ulipiga makofi. Maoni yalikuwa yanapanda kwa kasi, mioyo na mikono iliyokunjwa, kisha mwenzangu akanigusa bega akanionyesha moja. Lilitoka kijijini, kwa mama wa marehemu. Alikuwa ameandika neno moja: Tráiganmelo. Nileteeni.

Nilipanda basi saa moja usiku. Kabla hatujatoka nje ya mji niliandika kwenye kundi letu: "Wapendwa, Jumamosi ijayo saa kumi jioni nitafungua daftari la msiba wa Rombo, ukurasa kwa ukurasa, mubashara, na risiti zote mezani. Waliojitoa nao nimewatumia taarifa, mmoja mmoja." Nikaweka simu mfukoni bila kusubiri majibu. Nikawasha taa ndogo ya juu, nikafungua ukurasa mtupu, na kuanza kuandika majina ya waliopika zile siku tatu za matanga, aliyetoa sebule yake, aliyewachukua wageni uwanja wa ndege alfajiri. Nilifika jina la kumi na tisa dirishani zilipoanza kuonekana taa nyekundu za mitambo ya upepo.